Gunia Nyuma ya Wavu

Kila asubuhi Ferista aliamka kukiwa bado giza, si kwa kupenda, bali kwa sababu Bibi Ruti hakujua kumwacha mtu alale. Aliwasha moto, akafagia uwanja, akachota maji, kisha akajipaka mafuta miguuni na kukimbilia shuleni. Alikuwa darasa la sita, na Mwalimu Osea alikuwa amemteua kuwa kiranja wa afya. Kazi ya kiranja wa afya ilikuwa kukagua kucha za wenzake na kusimamia usafi wa choo, kwa hiyo hakuna aliyemwonea wivu.

Walikaa katika kijiji cha ujamaa karibu na Igamba, juu kwenye nyanda za Mbozi, ambako mwezi wa sita baridi hung'ata masikio na moshi hutoka mdomoni mtu akisema. Bibi Ruti alikuwa na dawa moja tu ya baridi, nayo ni kufunika. Alifunika vifaranga, alifunika chungu cha maharage, alifunika mtungi wa maji, na hata Ferista alifunikwa blanketi hadi puani. Majirani walimtania kwamba siku moja ataifunika hata barabara isipate mafua. Bibi alicheka nao, kisha akaendelea kufunika.

Mwaka huo wa 1978 habari kutoka bondeni hazikuwa nzuri. Chini ya milima, kuelekea Ziwa Rukwa, surua ilikuwa imeingia. Vijiji vya mbali kule bondeni vilikuwa vimeshazika watoto. Kijiji cha Nguvu Moja kilikuwa bado salama, lakini watoto wake wengi hawakuwa wamechanjwa. Huko ndiko alikoolewa Fides, mama mdogo wa Ferista. Mtoto wake, Timotheo, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Likizo iliyopita Ferista alimbeba mgongoni kutwa nzima, na sasa kila aliposikia neno surua alimfikiria yeye.

Ndiyo maana alifurahi jioni moja alipoliona gari la afya kutoka Tunduma likiingia kijijini. Ndani walikuwamo watu wawili. Mmoja ni Nesi Mwanamvita, mwanamke wa Tanga, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Wa pili ni dereva, Ramadhani, kijana wa Tabora aliyefika Tunduma akiwa utingo wa malori ya Zambia, akanogewa akabaki. Nesi alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Osea.

"Mwalimu, kesho tunashuka Nguvu Moja," alisema. "Akina mama wa kule wengi hawasemi Kiswahili, na mimi Kinamwanga sijui hata salamu. Nitafutie mtu wa kunisaidia kuongea nao."

Mwalimu Osea hakufikiri sana. "Ferista. Mama yake ametoka bondeni huko, na Kinamwanga anakijua vizuri. Tena ni kiranja wa afya."

Usiku ule Ferista alitoa gauni lake la kanisani, la bluu lenye kola nyeupe na mikono mirefu, akalikunja chini ya mkeka linyooke. Kucha za wenzake zingesubiri.

Asubuhi baridi ilikuwa kali. Ramadhani aliwasha gari lililolala uwanjani kwa Bibi Ruti, likakohoa, likazimika. Akawasha tena, likazimika tena. Bibi Ruti alikuwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya kanga, anatazama. Akaingia ndani, akatoka na gunia la kahawa.

"Mjukuu wangu," alimwambia Ramadhani, "gari lako linatetemeka. Lifunike."

Ferista aliona aibu, akatazama chini. Lakini Ramadhani alicheka kidogo tu, kisha akalipokea gunia kwa mikono miwili.

"Asante, bibi. Hujakosea. Madereva wa malori huku juu hufanya hivyohivyo. Injini ikipata joto mapema, haisumbui."

Alifungua boneti, akamwita Ferista. Mbele kabisa ya gari kulikuwa na wavu wa chuma. Nyuma ya wavu kulikuwa na rejeta, ile ya kupooza maji ya injini. Ramadhani alimwonyesha namna ya kulipitisha gunia katikati ya wavu na rejeta na kulifunga juu kwa kamba, moja kulia na moja kushoto. Kisha akamwonyesha kitu kingine chini, mbele ya ile rejeta kubwa.

"Unaiona hii rejeta ndogo?"

"Naiona, kaka. Ya maji nayo?"

"Siyo. Hii ni ya giaboksi. Umeona gari hili halina klachi? Mguu wangu wa kushoto hauna kazi, unakaa tu kama mgeni." Ferista alicheka. "Giaboksi yake inabadilisha gia yenyewe, kwa nguvu ya mafuta mekundu yanayozunguka ndani. Wageni waliokuja kupima barabara walituachia. Sasa sikiliza. Tukienda barabara nzuri, mafuta yale hayana shida. Tukiingia kwenye mchanga, au tope, au kilima kikali, injini inazunguka sana na magurudumu yanakwenda polepole. Mafuta yanasukwasukwa humo ndani mpaka yanapata moto kuliko ya kukaangia maandazi. Ndipo yanapopanda kwa bomba hili, yanapita kwenye rejeta ndogo, upepo unayapooza, yanarudi kwa bomba lile. Upepo usipopita, yanaungua, na giaboksi nayo inaungua. Hapo gari hili linafaa kufugia kuku."

"Sasa hili gunia si linazuia upepo?"

Ramadhani alimtazama kwa furaha. "Umeelewa. Huku juu kwenye baridi, barabara ngumu, halina neno. Lakini kabla ya kuanza kushuka bondeni lazima litoke. Kazi hiyo nakupa wewe."

Ferista aliona kifua kimejaa. Kazi ya kuangalia choo alipewa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Hii amepewa kwa sababu ameelewa.

Nesi Mwanamvita naye alikuwa na kitu chake cha kulinda. Kwenye kiti cha nyuma aliweka sanduku la baridi, akalikaza kwa blanketi lisicheze. Ndani mlikuwa na chupa ndogo za chanjo na barafu kutoka Tunduma.

"Hili halifunguliwi mpaka tufike," alimwambia Ferista. "Kila ukifungua kuchungulia, baridi inatoka."

Walipita mashamba ya kahawa na mahindi yaliyokauka, wakasalimiana na watu waliobeba majembe, na jua lilipopanda walifika ukingoni, pale nyanda zinapokatika. Chini yao bonde lilionekana jeupe kwa joto. Ramadhani alisimamisha gari, akafungua boneti.

"Haya, fundi. Toa gunia. Mimi naingia hapo porini mara moja."

Ferista alishika kamba ya kwanza. Ilikuwa imelowa umande wa alfajiri na fundo limekaza. Alilivuta kwa kucha, halikufunguka. Alilivuta kwa meno, likaachia. Fundo la pili lilikuwa jepesi zaidi, lakini lilipofunguka gunia halikumngoja. Liliteleza likashuka chini nyuma ya wavu, likajikunja gizani palepale penye rejeta ndogo. Aliingiza mkono. Vidole vililigusa, lakini ili alishike ilibidi aingize mkono mzima hadi begani, na humo ndani palikuwa na vumbi lililochanganyika na mafuta meusi. Alitazama mkono wa gauni lake la kanisani. Doa dogo lilikuwa limeshaingia.

Akautoa mkono. Alijisemea kwamba akifika chini atamwomba Nesi kanga ajifunge, kisha alitoe vizuri.

"Umetoa gunia?" Ramadhani aliuliza, akitokea vichakani.

"Nimetoa, kaka."

Neno lilitoka upesi kuliko alivyotaka. Ramadhani alitupa jicho juu ya rejeta, akaona hakuna gunia wala kamba, akafunga boneti. Hakutazama chini, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa. Ferista aliingia garini akijifariji kwamba hakusema uongo mkubwa. Kamba si alizifungua?

Njia ya kushuka ilikuwa ya mawe na kona kali. Ramadhani aliweka gia ya chini, na gari likateremka taratibu bila breki kuteswa. Joto liliongezeka kila walipopita kona. Koti la Nesi lilivuliwa, kisha sweta la Ferista. Walipofika chini Ferista alifungua mdomo aseme, lakini Ramadhani alikuwa anasimulia jinsi Lusubilo, fundi wa gari lao kule Tunduma, alivyomaliza wiki nzima akisafisha giaboksi. Ferista akaona si wakati mzuri. Baadaye wakaingia kwenye mchanga, na hapo akaona aibu kusimamisha gari. Kila walipokwenda mbele, neno lile lilizidi kuwa gumu kulitoa.

Kisha wakafika mtoni. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga mweupe mpana, na ng'ambo yake ukingo wa kupanda. Gari liliingia, likasota hadi katikati. Halafu injini ikaanza kunguruma kwa nguvu huku gari lenyewe likisogea kidogo tu, kisha halikusogea kabisa. Harufu ikaingia ndani, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Ramadhani aliondoa mguu kwenye mafuta mara moja, akaweka nyutro, gia isizungushe magurudumu, lakini injini hakuizima.

"Msiogope," alisema. "Giaboksi imepata joto. Likichemka hivi hatulizimi. Tunaliacha lingurume taratibu, mafuta yazunguke yapite kwenye rejeta ndogo yapoe. Muda wa kunywa chai tu."

Walishuka, wakasimama kwenye kivuli cha gari. Muda wa kunywa chai ulipita, na wa kuosha vyombo ukapita. Ramadhani alifungua boneti, akatazama maji ya injini. Yalikuwa sawa. Akagusa yale mabomba mawili kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka na kupuliza kidole.

"Ajabu," alisema. "Bomba linalorudi lina moto sawasawa na lile linalokwenda. Mafuta yanapita na hayapoi hata kidogo. Rejeta ndogo imeziba kwa ndani."

Alizima gari. Kimya cha bonde kikawafunika. Ramadhani alikaa kwenye bampa, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lusubilo," alisema. "Amesafisha nini yule? Ametia mafuta machafu. Nikirudi Tunduma namwambia Bwana Afya, na kazi aache."

"Lusubilo huyu mwenye mapacha?" Nesi Mwanamvita aliuliza.

"Huyohuyo. Mapacha wake nawaonea huruma, lakini ameliua gari la watu."

Ferista alimjua Lusubilo kwa jina tu. Sasa alimwona mawazoni na mapacha wawili kando yake.

Nesi aliliinamisha kidogo sanduku la baridi, akatega sikio. Maji yalisikika yakicheza ndani, na katikati ya maji vipande vya barafu vikigongana.

"Barafu inakwisha," alisema. "Nguvu Moja ni mbali kwa miguu?"

"Tutafika jua likizama. Na kwa jua hili, barafu itaisha njiani. Labda nirudi kutafuta trekta, lakini huko nako nitafika kesho."

"Basi chanjo zote nitazimwaga," Nesi alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nyingine hatupati mpaka mwezi ujao. Na hiyo surua haitangoja mwezi ujao."

Ferista aliuliza polepole, "Dada, zikipata joto huwezi kuzitumia tu? Pengine zitasaidia kidogo."

"Hapana, mdogo wangu. Chanjo iliyopata joto inabaki kuwa maji. Nikimchoma mtoto maji, mama yake ataondoka na furaha, akijua mwanawe amekingwa. Hatamchunga tena. Heri asichanjwe, nimwambie wazi, ajue hana kinga."

Ferista alitazama mchanga. Alimwona Timotheo ameshika ukuta, anacheka na meno yake mawili. Aliwaona wale mapacha. Alijua kwamba akisema sasa Ramadhani hatamwita fundi tena, na pengine atamchapa, na habari itafika kwa Mwalimu Osea.

"Kaka Ramadhani," alisema. "Gunia sikulitoa."

Ramadhani aliinua uso. "Unasemaje?"

"Nilifungua kamba, likaanguka ndani, chini kabisa. Sikulitoa. Niliogopa kuchafua gauni."

Ramadhani aliinuka, akalala chali kwenye mchanga, akajivuta chini ya sehemu ya mbele ya gari na kipande cha waya. Walisikia akikwaruza na kuguna. Kisha gunia likatoka, limejikunja, lina moto, linanuka kahawa iliyoungua. Alisimama nalo mkononi.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuuliza ukasema umetoa."

Ferista alianza kulia. Ramadhani alilitupa gunia mchangani na kugeukia upande mwingine, na hilo lilimuuma kuliko kama angemchapa. Nesi Mwanamvita alimfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kulia utalia baadaye," alimwambia. "Sasa kuna kazi."

Kazi ilikuwepo. Ramadhani alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Mafuta hayakuwa mekundu tena, yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia, lakini hayakuwa meusi. Alishusha pumzi.

"Hayajafa," alisema, akajaza kidogo kutoka kwenye galoni aliyobeba. Akawasha injini, nyutro, akaiacha ingurume. Safari hii feni ilivuta upepo kupitia rejeta zote mbili bila kizuizi. Baada ya muda aligusa bomba linalorudi, akalishika, hakuuondoa mkono.

"Njoo," alimwita Ferista bila kumtazama. "Gusa haraka uachie. Lile kwanza, halafu hili."

Ferista aligusa. La kwanza lilimchoma. La pili lilikuwa la vuguvugu.

"Limepoa."

"Linapoa. Tusiliharakishe. Wakati linapoa, sisi tuchimbe."

Alipunguza upepo wa matairi ili yatandazike juu ya mchanga yasizame. Ferista na Nesi walichimba kwa mikono na kwa sahani ya bati mbele ya kila gurudumu. Mizigo yote ilishushwa, gari likabaki jepesi. Ferista alikata majani makavu ukingoni, akayatandika. Yalipopungua, alilichukua gunia la Bibi Ruti, akalilaza chini ya gurudumu la nyuma. Gauni la kanisani lilikuwa na mafuta begani, mchanga magotini na jasho kila mahali, na hakulikumbuka hata mara moja.

"Sasa," Ramadhani alisema, "gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne, na mguu mwepesi. Nikikanyaga mafuta kwa pupa, tairi zinachimba na giaboksi inachemka tena. Nyinyi tembeeni. Sanduku libebeni katikati yenu."

Gari lilianza kutambaa kama kobe. Likapanda juu ya gunia, likapita kwenye majani, likashika mchanga mgumu, likaukaribia ukingo. Lilipofika chini ya ukingo Ramadhani alisimama tena, akaweka nyutro, akalipumzisha, akashuka kugusa bomba. Nesi aliuma midomo akitazama jua, lakini hakumhimiza. Kisha gari likapanda, polepole, hadi juu. Ferista alikimbia kurudi mtoni kuokota gunia, maana lilikuwa la bibi.

Walifika Nguvu Moja jua likiwa limeegemea magharibi. Akina mama walikuwa wamengoja tangu asubuhi kwenye kivuli cha ghala la kijiji, na baadhi walikuwa wameshafunga watoto mgongoni kwenda zao. Ferista aliruka kabla gari halijasimama sawasawa, akawakimbilia njiani akiwaita kwa Kinamwanga, akiwaambia nesi amefika, warudi. Walipoona msichana aliyechafuka namna ile wengine walicheka, lakini walirudi.

Nesi Mwanamvita aliweka sanduku mezani, akalifungua kwa mara ya kwanza. Kila mtu alisogea kuchungulia, hata wasiojua kwa nini. Ndani mlikuwa na maji, na juu ya maji vilielea vipande vya barafu vyembamba. Alizishika chupa, akatazama kipimajoto kilichokuwa pamoja nazo.

"Zimepona," alisema. "Tuanze, tusipoteze muda. Ferista, waambie wapange mstari, wenye watoto wadogo mbele."

Ferista alisimama kando yake akitafsiri hadi sauti ikakauka. Aliwaeleza akina mama kwamba mtoto anaweza kupata homa kidogo baada ya sindano, kwamba wasimfunike mablanketi akiwa na homa, wampe maji na kumnyonyesha. Alipofika hapo alimkumbuka bibi yake, akatabasamu kidogo. Mama mdogo Fides alikuja na Timotheo, ambaye alimtambua Ferista akacheka, kisha akachomwa sindano akaona amesalitiwa. Alilia mpaka wenzake waliokuwa nyuma wakaanza kulia kabla hawajaguswa.

"Gauni la kanisani limepatwa na nini?" Fides aliuliza.

"Nimechimba mchanga, mama mdogo."

"Kwa gauni la kanisani?"

"Ndiyo," Ferista alisema. "Habari ndefu. Nitakueleza yote."

Na usiku alimweleza yote, bila kuruka pale palipomwaibisha.

Walilala Nguvu Moja. Ramadhani alitaka kupanda milima alfajiri, hewa ikiwa baridi, ili giaboksi isiteseke. Kulipopambazuka Ferista alikuta boneti imefunguliwa na dereva amesimama kando, ana mfuko wa mchele wa bondeni begani.

"Huu wa Lusubilo," alisema. "Hatajua kwa nini nampa, ila mimi najua. Nilimhukumu bila kuangalia." Alitua mfuko garini. "Na kosa jingine ni langu pia. Kazi ya gari ni ya dereva. Ningeinama nikatazama mwenyewe, tusingefika tulikofika. Lakini wewe ndiye niliyekuamini."

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe. Ungenyamaza jana, tungekuwa bado pale mtoni, na chupa zote zimemwagwa." Alinyoosha kidole mbele ya gari. "Haya, kazi yako ni ileile. Angalia kama upepo unapita."

Nesi Mwanamvita alikuwa amekaa tayari garini na sanduku tupu miguuni. Aliteremsha kioo.

"Ferista, mdogo wangu, nikuambie kitu. Jana pale juu, ungesema 'bado', tungengoja kidogo, nikupe kanga ujifunge, ulitoe gunia, basi. Hakuna ambaye angekusema. Ulisema 'nimetoa', na neno hilo lilitaka kutuharibia gari, kumfukuzisha kazi baba wa watu, na kuwaacha watoto wa kijiji kizima bila kinga. Kazi ambayo haijakwisha siyo aibu. Aibu ni kusema imekwisha. Ukiulizwa, sema ilivyo, hata kama anayekuuliza ana haraka."

"Nimesikia, dada."

Ferista alipiga magoti mbele ya gari, safari hii akiwa amejifunga kanga ya mama mdogo Fides. Aliweka jicho kwenye wavu, akachungulia hadi kule chini. Majani marefu waliyopita jana yalikuwa yamejaza mbegu na makapi kwenye rejeta ndogo, yamejibana kama pamba.

"Tayari?" Ramadhani aliuliza. Injini ilikuwa inanguruma, na jua lilikuwa linachomoza.

"Bado, kaka," Ferista alisema.

Ramadhani alizima injini, akaegemea mlango, akangoja. Nesi akatoa muhogo wa kuchemsha akaanza kula. Ferista alichukua kijiti na brashi kuukuu, akatoa mbegu kidogokidogo, akapuliza, akachungulia tena, akaingiza mkono hadi begani kutoa makapi ya mwisho. Kisha alisimama, akajifuta.

"Sasa tayari. Lakini njoo uangalie mwenyewe."

Ramadhani alikuja, akainama hadi kofia ikagusa wavu, akatazama juu, akatazama chini kabisa. Halafu akafunga boneti, wakaondoka.